Mzee Kaza Alivyolitukana Jukwaa Lake

“Jukwaa nililofunga mimi halihitaji ukuta. Ukuta ndio unalihitaji!”

Hayo aliyasema mjomba wangu kwenye harusi ya binti yake, kipaza sauti mkononi, mbele ya wakwe waliokuwa bado wanamkagua kama mtu anavyokagua noti kubwa aliyopewa gizani. Mshereheshaji alimwomba awape maharusi wosia mfupi. Mjomba akaanza vizuri tu, akasema ndoa ni kama jukwaa la ujenzi, halafu ndoa akaiacha njiani na kuendelea na jukwaa. Alipofika kwenye hilo la ukuta, meza nzima ya mafundi ilisimama ikapiga vijiko kwenye chupa za soda. Meza ya wakwe ilibaki inatazamana. Mkaza mjomba, yaani mke wake, aliinamia sahani kama mtu aliyedondosha hereni.

Aliyepiga kijiko kwa nguvu kuliko wote alikuwa kaka wa huyo mke, fundi wa lipu tunayemwita Kioo. Mjomba na Kioo ni mashemeji, na utani wao ungeweza kuuzwa kwa tiketi. Lakini siku ile Kioo hakuwa anatania. Aliyasikia maneno yale na, kwa bahati mbaya, aliyaamini.

Mjomba mwenyewe mtaani ni Mzee Kaza. Jina hilo limetokana na neno lake moja linalofanya kazi zote. Akimuaga mtoto anayekwenda kwenye mtihani, anasema “kaza”. Akienda msibani, anamshika mfiwa mkono na kusema “kaza”. Inasemekana aliwahi kumwambia “kaza” daktari wa meno aliyekuwa amemkalia kifuani na koleo mkononi. Kazi yake ni kufunga majukwaa, ile misitu ya mabomba ya chuma na mbao ambayo mafundi wengine hupanda ili wafike kwenye kuta ndefu. Ni kazi ya ajabu ukiifikiria. Mwashi huacha ukuta, seremala huacha mlango, fundi bomba huacha angalau mvujo. Mjomba akimaliza kazi hufungua alichofunga, anakipakia kwenye lori, na watu wanasema, “Ee, sasa ndiyo jengo limependeza.”

Ukimwona akitembea barabarani utamhurumia. Anajikwaa kwenye zulia. Anagonga fremu za milango ambayo ameishi nayo miaka yote. Mkaza mjomba humwambia, “Baba, inua miguu, sakafu haikufukuzi.” Nami niliyekulia kwenye nyumba hiyohiyo nilidhani ndivyo alivyoumbwa, mpaka nilipopata ukarani wa stoo kwenye saiti yake, nikiwa na nusu ya diploma ya ujenzi (nusu ya pili imebaki kwa mhasibu wa chuo, ananitunzia). Siku yangu ya kwanza nilimwona akitoka ardhini na kuingia kwenye mabomba. Mtu yule yule aliyeshindwa na zulia alipanda kama maji yaliyokosea njia. Hakushika kitu kwa haraka wala kukiachia kwa haraka. Ndoano ya mkanda wake wa usalama ilihama kutoka bomba hadi bomba juu ya kichwa chake, na kila mara ilishika kwanza ndipo mguu ukasogea. Asubuhi jengo lilikuwa tupu. Jioni lilikuwa limevikwa chuma upande mzima, mistari imenyooka kama imepigwa rula, na jua likipita katikati yake. Nilisahau kufunga mlango wa stoo.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa sita, kwenye mtaa wenye duka la dawa, fundi cherehani na kijana mmoja anayetengeneza simu kwenye meza ya miguu mitatu. Kila alfajiri, kabla mtu yeyote hajakanyaga ngazi, Mzee Kaza alizunguka jukwaa lote na spana. Aligonga bomba, akatega sikio. Akagonga lingine, akatega sikio. Alidai bomba lililokazwa kwa klampu, vile vibanio vya chuma, linaitika na lililolegea linakohoa. Mimi nilisikia kengele tu. Akiridhika alitundika kadi ya kijani chini ya ngazi. Asiporidhika alitundika nyekundu, na hapo angekuja hata mwenye jengo na viatu vyake vinavyometa, jibu lilikuwa lilelile.

“Bosi, kadi nyekundu.”

“Hili jengo si langu?”

“Lako, bosi. Na shingo ni yako. Jukwaa ndilo langu.”

Alikuwa mkali kwa mambo ambayo mtu mvivu huyaona madogo. Hupandi na ndoo mkononi, ndoo inavutwa kwa kamba. Huachi mwiko pembeni mwa ubao, kuna mpita njia chini ambaye kichwa chake hakina kofia. Huondoi reli ya ubavuni eti inakubana. Na kubwa kuliko yote, hugusi kishikizo.

Kishikizo ni kipande kifupi cha bomba kinachotoka kwenye jukwaa na kuuma ukuta wa jengo. Jukwaa fupi linaweza kusimama kwa miguu yake, lakini refu ni kama mtu mrefu aliyesimama kwenye kiti. Lazima ashike kitu. Vishikizo ndiyo mikono yake. Kwenye harusi mdomo wa mjomba ulisema jukwaa lake halihitaji ukuta. Kwenye saiti mikono yake ilifunga kishikizo kwenye kila ghorofa, safu kwa safu, na kila kimoja alikirudia mara mbili. Mdomo na mikono ya mtu yule havikuwahi kukutana.

Kioo naye alikuwa na wazimu wake. Jina lake si la bure. Ukuta aliopiga lipu unaweza kuchania nywele mbele yake. Adui yake mkubwa duniani alikuwa kishikizo. Pale kilipouma ukuta, lipu haiingii. Unaruka, unapiga pembeni, na jukwaa likija kufunguliwa unarudi kuziba tundu. Na tundu lililozibwa, hata lizibwe na malaika, jua likipiga ukuta kwa ubavu linaonekana kama kovu la ndui.

“Shemeji,” Kioo alilalamika siku moja akiwa juu, “umenitobolea ukuta kama umepigana nao.”

“Wewe paka poda, mimi nazuia usianguke nayo.”

“Mwenye jukwaa lisilohitaji ukuta, mbona unaung’ang’ania hivyo? Au siku ile ilikuwa ni soda inaongea?”

Saiti nzima ilicheka. Mjomba alicheka kuliko wote, na hakujibu. Kujibu kungemlazimu kukanusha sifa yake mwenyewe, na hilo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mzee Kaza aligonga mabomba yake, akatundika kadi ya kijani, akaondoka kwenda kupima kazi nyingine upande wa pili wa mji. Lilikuwa jumba la mikutano lenye paa refu, kazi ambayo alikuwa ameiota mwaka mzima. Alivaa shati la pasi.

Nyuma yake mambo mawili yalitokea asubuhi hiyohiyo, na kila moja lilifanywa na mtu asiyejua habari za mwenzake. Mbele ya jengo, mwenye jengo alileta vijana wa matangazo, wakatundika kwenye jukwaa turubai kubwa lenye picha ya msichana anayecheka na simu, kutoka ghorofa ya sita hadi ya pili. Injinia wa saiti, dada mmoja mtulivu asiyependa kupaza sauti, alimwambia kwamba turubai haliwezi kutundikwa kabla fundi jukwaa hajarudi. Mwenye jengo akamjibu kwamba tangazo limeshalipiwa, na mabishano yao yakahamia ofisini. Nyuma ya turubai hilo, wasikoonekana na mtu, Kioo na mafundi wake watatu walifika ghorofa ya tano. Kioo akatazama ukuta uliokuwa unaelekea kuwa mzuri kuliko kuta zote alizowahi kupiga, akatazama vishikizo, akakumbuka harusi. Akachukua spana. Akatoa vishikizo vya ghorofa ya tano, kisha vya sita, akaziba matundu yake na lipu mbichi na kuendelea na kazi akipiga mluzi.

Mjomba alirudi mchana wingu likiwa limeanza kufunga. Hakuingia getini. Alisimama upande wa pili wa barabara akiangalia juu, na mimi niliyekuwa nampelekea ufunguo wa stoo nikaona uso wake unabadilika rangi. Upepo wa kabla ya mvua ulikuwa umeingia kwenye turubai. Msichana wa tangazo alikuwa ametuna mashavu.

“Nani amelivisha jukwaa langu nguo?” aliuliza, lakini hakusubiri jibu. Alikuwa ameshaanza kukimbia, akajikwaa kwenye ukingo wa barabara, akainuka, akaingia ndani ya jengo na kupanda ngazi za zege. Injinia alimwona akipita ofisini, akamwacha mwenye jengo na sentensi nusu, akamfuata. Nikawafuata wote.

Ghorofa ya nne vishikizo vilikuwepo. Ya tano mjomba aliingia chumba cha mbele na kwenda dirishani. Madirisha ya huko juu yalikuwa yameshawekewa nondo, mtu hawezi kupita. Akatoa mkono katikati ya nondo, akapapasa ukuta kwa nje pale alipojua pana kishikizo. Hakukuta kitu. Ukuta ulikuwa laini na una unyevu. Kioo alikuwa ameziba vizuri mno hata aliyetoboa hakuweza kupata tundu lake.

Asubuhi, nafasi kati ya jukwaa na ukuta ilikuwa ya kupitisha kiganja. Sasa mjomba alinyoosha mkono mpaka bega likagota kwenye nondo, ndipo vidole vikagusa bomba. Upepo ukatulia, na bomba likaja lenyewe mpaka karibu kugusa nondo mbele ya kifua chake. Upepo ukarudi, likaondoka. Chuma chote kile, tani kwa tani, mabomba niliyoyahesabu mwenyewe yakishushwa kwenye lori, kilikuwa kinapumua kama mtu aliyelala.

Ghorofa moja juu yetu, mluzi ulikuwa unaendelea.

“Shemeji!” mjomba aliita kwa sauti ya kawaida kabisa. “Shukeni. Polepole. Tuje tuongee.”

“Kuna nini?” Kioo alijibu kutoka juu.

“Umetoa vishikizo.”

“Aa, vichache tu! Mbona limesimama? Ukuta huu, shemeji, ukiuona utalia. Njoo utazame.”

“Linacheza, bwana. Shuka.”

“Jukwaa lako likacheza? Toka lini?” Tukasikia mafundi wake wakicheka. “Mzee Kaza anatutisha! Jamani, nimeshachanganya saruji, nikiiacha itaganda. Nimalizie kipande hiki, nitakuja unitukane vizuri.”

“Nakuambia kweli.”

“Na mimi nakuambia kweli. Mtu aliyefunga jukwaa hili nilimsikia kwa masikio yangu. Hajafunga kitu cha kuanguka huyo.”

Nadhani hapo ndipo mjomba alipoelewa. Wale watu wanne hawakuwa wabishi. Walikuwa wanamwamini. Angewaambia lolote wangesema ni utani wa shemeji, kwa sababu sifa aliyoijenga kwa miaka yote ya kazi yake ilikuwa imesimama juu kule pamoja nao, imewashika mabega, inawaambia tulieni, hamna neno.

Alimgeukia injinia. “Dada, ile spika yako ya mkononi iko wapi?”

“Ofisini. Nimeshatuma barabara ifungwe.”

“Vizuri. Wewe na huyu mpwa wangu kasimameni kwenye mlango wa baraza ya ghorofa ya nne. Hauna nondo, na vishikizo pale bado vinashika. Watakuja mmoja mmoja. Mkamateni mkono, mvuteni ndani. Msitoke nje hata unyayo.”

“Na wewe?”

“Mimi nakwenda kuongea na watu.”

Tulishuka naye hadi ghorofa ya nne, yeye akaendelea. Kutoka mlango wa baraza niliweza kuona barabara kupitia upenyo kati ya turubai na kona ya jengo. Walinzi walikuwa wamevuta utepe. Mtaa mzima ulikuwa nyuma ya utepe huo: mwuza dawa na koti lake jeupe, fundi cherehani na futi shingoni, kijana wa simu na mashabiki wake, kila mmoja ameinua simu anarekodi. Mwenye jengo alikuwa pale, na pembeni yake mtu wa jumba la mikutano, aliyemleta mjomba kwa gari lake na bado hajaondoka. Mjomba akasimama katikati ya barabara tupu, akainua spika.

“Jamani sikilizeni! Mimi ni Mzee Kaza! Mnanijua wote!”

Mtaa ukapiga makofi. Walidhani ni tangazo.

“Jukwaa hili nimelifunga vibaya!”

Makofi yakafa. Juu, mluzi ukakatika.

“Nilifunga kwa pupa! Nilikuwa nawahi kazi nyingine! Klampu za huko juu sikukaza! Mnasikia nyie wa juu? Sikukaza! Nimewadanganya na kadi ya kijani! Jukwaa hili ni takataka, na mimi niliyelifunga ni fundi wa ovyo!”

Nimewahi kusikia watu wakitukanwa, na kwa kweli ni fani ninayoiheshimu, lakini sijawahi kusikia tusi zito kama lile. Mtu aliyekuwa anabishana na mkewe kuhusu kukaza mfuniko wa chupa ya mafuta alikuwa amesimama mbele ya mji na kusema sikukaza. Nilimwona mtu wa jumba la mikutano akigeuka na kumwangalia kama amemkanyaga. Injinia, ambaye alijua kama mimi kwamba hakuna hata neno moja la kweli katika yote yale, alishika fremu ya mlango na kunong’ona, “Ee Mungu, anawashusha.”

Kule juu Kioo aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyeamshwa, “Shemeji… unasema kweli?”

“Mbele ya watu wote hawa, nidanganye kujitukana?”

Hapo ndipo walipoogopa. Na kabla woga haujawa mbio, ile sauti ya spika ikabadilika, ikawa ya baba anayemwogesha mtoto.

“Msikimbie. Ndoo acheni. Miiko acheni. Kila mtu asogee ubavu wa ukutani. Ndoano juu ya kichwa, inashika kwanza, ndipo mguu. Anaanza aliye karibu na ngazi. Wengine tulieni, msimfuate mpaka niseme.”

Hakuwa anawaona vizuri, turubai lilikuwa katikati. Alikuwa anaona vivuli tu. Lakini lile jukwaa lilikuwa kichwani mwake lote. “Ubao wa pili una ncha, inua mguu. Shika reli ya kushoto, hiyo ni mpya. Ukimaliza ngazi geuka, usiruke.” Fundi wa kwanza akatokea kwenye baraza, uso una vumbi la saruji na mifereji miwili ya jasho. Nikamshika mkono, injinia akamshika mkanda, akaingia. Akakaa sakafuni na kuanza kucheka bila sababu. Wa pili akaja. Wa tatu akaja akisema “asante, asante” kwa kila bomba aliloliachia.

Kioo alikuwa wa mwisho. Alikuwa kwenye ngazi ya kushukia kwetu, kichwa chake juu kidogo ya macho yangu, upepo mkubwa ulipofika. Turubai lilipiga kama bunduki. Jukwaa lote la juu likaondoka ukutani, na yeye pamoja nalo, taratibu, kama mlango mkubwa unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Niliona mwanga wa barabara mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga. Chuma kililia kwa sauti nene, sauti niliyoihisi kwenye meno. Kwa muda ule sikuogopa hata. Nilistaajabu tu kwamba vitu tulivyovifanya kwa mikono yetu vinaweza kuwa vikubwa kiasi kile.

“Simama,” spika ilisema, polepole. “Kumbatia bomba. Usitazame chini, shemeji. Tazama ukuta wako. Unauona? Unavyong’aa? Haya. Linarudi. Bado. Bado. Linarudi… sasa.”

Jukwaa likarudi. Kioo akateremka vipago vya ngazi vilivyobaki, akatua barazani, tukamvuta wote wawili kwa nguvu iliyomwangusha kifudifudi. Alilala pale, shavu kwenye zege, mikono bado imekumbatia bomba ambalo halikuwepo.

Mvua haikuwa imeanza. Mjomba alipanda tena, safari hii hadi kwenye paa la zege, akajifunga mkanda kwenye nondo za nguzo zilizosubiri ghorofa nyingine, akalala tumbo na kuanza kukata kamba za turubai kwa kisu, moja baada ya nyingine kuanzia upande wa upepo. Kamba ya mwisho ilipokatika, yule msichana wa tangazo aliinuka, akajikunja mara moja hewani, akaruka juu ya mtaa mzima huku akicheka, na kutua juu ya paa la duka la dawa. Na jukwaa, lilipovuliwa ile nguo, likarudi ukutani lenyewe na kutulia. Waliokuwa wanarekodi walishusha simu.

Kazi iliyobaki ilifanyika kutoka ndani. Tulipitisha mabomba kwenye vyumba, tukayalaza nyuma ya madirisha na kuyafunga kwenye jukwaa kupitia katikati ya nondo, chumba kwa chumba, hadi upepo ukaja tena na hakuna kilichosogea. Mjomba alikaza kila klampu. Hakusema neno, hata lile lake.

Mambo ya baadaye mnaweza kuyakisia. Video ilifika kila mahali kabla hajanawa mikono. Kijana wa simu aliweka kipande cha “sikukaza” kuwa mlio wa simu yake. Mtu wa jumba la mikutano alituma ujumbe kwamba wameamua kutafuta fundi mwingine, wanamtakia kila la heri. Wakwe walimpigia binti kuuliza kama baba yake anaumwa.

Jioni moja Kioo alikuja nyumbani. Tulikuwa sebuleni, mjomba, mkaza mjomba, mama yangu, mimi. Kioo hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mikononi.

“Kesho nakwenda kwa mwenye jengo,” alisema. “Halafu kwa yule wa jumba la mikutano. Halafu nasimama pale barabarani, niazime hiyo spika. Nitasema ni mimi niliyetoa vishikizo.”

“Kaa chini, kaka,” mkaza mjomba alisema. “Unaziba upepo.”

“Sikai. Mume wako ametukanwa na mji mzima kwa ajili yangu.”

“Injinia ameshaandika ukweli kwa wanaohusika,” mjomba alisema. “Mwenye jengo ameshaufahamu. Inatosha.”

“Na mtaani je?”

“Mtaani ukisema, nitakukana.”

“Shemeji, kwa nini?”

Mjomba alikuwa anamenya chungwa, na ganda lilikuwa linatoka refu bila kukatika. “Jana nilikuwa saiti ya shule moja. Nimepewa kazi ndogo, ukuta wa ghorofa mbili. Nimefunga, nimetundika kadi ya kijani. Unajua walifanya nini wale mafundi? Walikuja wakaisoma kadi. Halafu wakazunguka jukwaa lote. Mmoja akatikisa bomba. Mwingine akahesabu vishikizo, kwa kidole, hivi, kama mtoto anayejifunza kusoma. Akaniuliza, ‘Mzee, hiki umekaza?’ Mimi! Akanishika mkono akanipeleka nikakigonge mbele yake asikie.”

“Dharau hiyo,” mama alisema.

“Dada, nimefanya kazi hii tangu ndevu hazijaota. Hakuna fundi aliyewahi kutazama jukwaa langu kabla ya kulipanda. Walikuwa wananitazama mimi.” Aligawa chungwa, kipande kikubwa akampa Kioo. “Waacheni wasiniamini. Wazunguke. Wagonge. Nikisafishwa jina kesho, keshokutwa watapanda bila kutazama.”

Kioo alishika kile kipande cha chungwa asijue akipeleke wapi. Alikuwa analia, lakini kwa kuwa ni fundi wa lipu alidai ni vumbi. Mkaza mjomba aliliokota lile ganda refu, akamsogezea kaka yake kiti.

Siku iliyofuata Kioo alipanda na tindo na nyundo, akavunja ukuta wake mwenyewe. Alitoboa ghorofa ya tano na ya sita, kila mahali palipokuwa na kishikizo, na mjomba akavirudisha akiwa nyuma yake. Kila kimoja Kioo alikigonga kwa spana na kutega sikio, ingawa najua kwa hakika naye haisikii ile tofauti. Jukwaa lilipokuja kufunguliwa alirudi kuziba matundu. Jua la jioni likipiga lile jengo kwa ubavu, makovu yanaonekana yote, safu kwa safu, na wapita njia huuliza ni fundi gani alipiga lipu mbaya hivyo.

Kuziba tundu moja la kishikizo, saruji pamoja na mkono wa fundi, ni shilingi mia sita; ndicho kitu ambacho watu wanne nusura wakilipie kwa shingo zao.